Sauti ya Vicki: Msichana wa Berlin katika Redio Bandia ya Kinazi

Agnes Bernelle alikuwa msichana wa miaka 20 alipoanza kusikika, mwaka 1943, katika kituo cha redio kilichojinadi kuwa cha majeshi ya Ujerumani. Mabaharia wa nyambizi za Kijerumani katika bahari ya Atlantiki walimfahamu kwa jina moja tu, Vicki. Aliwapigia santuri za muziki wa dansi, akawatakia heri za siku ya kuzaliwa na kuwapongeza waliopata watoto huko kwao. Alizungumza Kijerumani cha Berlin kisicho na doa, maana Berlin ndiko alikozaliwa tarehe 7 Machi 1923. Kituo chenyewe, hata hivyo, hakikuwa Ujerumani wala hakikuwa cha jeshi la Ujerumani. Kilikuwa Milton Bryan, kijiji cha mashambani katika Bedfordshire nchini Uingereza, ndani ya uwanja uliozungushiwa ua na kulindwa usiku na mchana. Vicki alikuwa mtumishi wa idara ya siri ya Waingereza.

Jasusi wa kawaida huvuka mpaka akiwa na hati za kughushi. Vicki na wenzake walibaki palepale walipo, wakaipeleka sauti peke yake. Masharti ya kazi lakini hayakutofautiana sana: jina la bandia, lafudhi isiyoyumba, na kuyajua maisha ya adui kwa undani kiasi kwamba hata mwenyewe asishtuke. Neno moja lililokwisha kuachwa na askari wa vitani, au jina la baa iliyofungwa mwezi uliopita, lingetosha kumfanya msikilizaji ainue kichwa na kujiuliza anamsikiliza nani.

Mtoto wa jukwaani

Baba yake, Rudolf Bernauer, alikuwa Myahudi mwenye asili ya Hungaria na mmoja wa watu wakubwa wa maonyesho mjini Berlin. Alimiliki kumbi za michezo ya kuigiza na kutunga maneno ya operetta, ikiwemo ile ya mwaka 1908 ambayo Oscar Straus aliitungia muziki kutokana na tamthilia ya George Bernard Shaw. Agnes alikulia nyuma ya mapazia, kati ya waigizaji na wapiga piano. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, na hasa baada ya sheria za Nuremberg za mwaka 1935 kuwavua Wayahudi uraia, familia ya namna hiyo haikuwa tena na mahali Ujerumani. Mwaka 1936 wakahamia London. Mji wa kwao ukawa mji wa adui.

London ya wakati huo ilikuwa na wakimbizi wengi wa Kijerumani waliokuwa na vipaji na wasiokuwa na kazi. Walianzisha vyama vyao na jukwaa lao huko Hampstead, wakacheza michezo ya kejeli dhidi ya Wanazi kwa Kijerumani. Bernelle alijifunza kazi ya jukwaa humo. Serikali ya Uingereza, ambayo mwaka 1940 iliwakamata maelfu ya wakimbizi hao na kuwaweka kizuizini kwa kuwaona ni raia wa nchi adui, ilichukua muda kutambua kwamba watu haohao walikuwa hazina. Mwingereza aliyesomea Kijerumani chuoni, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kutania kama mtoto wa Berlin.

Vita vya mawimbi

Wanazi waliitumia redio kuliko serikali nyingine yoyote ya zama zao. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, alihimiza kutengenezwa kwa redio ya bei nafuu, VE301, iliyotoka mwaka 1933 kwa Reichsmark 76. Mwaka 1938 ikafuata ndogo zaidi, ya Reichsmark 35. Redio hizo zilishika vizuri vituo vya karibu na kwa shida vya mbali, jambo lililowafaa watawala. Siku vita ilipoanza, tarehe 1 Septemba 1939, kusikiliza vituo vya nje kukawa kosa la jinai, na aliyeeneza alichosikia aliweza kuhukumiwa kifo.

Kwa upande wa nje, Ujerumani ilirusha matangazo kwa lugha nyingi. Aliyevuma zaidi kati ya watangazaji wa Kiingereza alikuwa William Joyce, mzaliwa wa New York aliyekulia Ireland na Uingereza, mfashisti wa siku nyingi aliyekimbilia Berlin siku chache kabla ya vita. Waingereza walimcheka, na bado walimsikiliza. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba Wajerumani ndio waliotangulia na vituo bandia pia. Mapema mwaka 1940 ofisi iliyoitwa Büro Concordia ilianza kurusha matangazo ya kituo kilichodai kuendeshwa kwa siri na Waingereza wapenda amani ndani ya Uingereza kwenyewe. Vituo vingine vikafuata, kimoja kikijifanya cha wafanyakazi, kingine cha Waskoti, kingine cha Wakristo wanaochukia vita. Udhaifu wao ulikuwa mmoja: watu walioviendesha waliwajua Waingereza wa vitabuni kuliko wa mitaani. Kituo cha wafanyakazi kiliporomosha matusi ambayo msikilizaji aliyaona kichekesho tu.

Delmer

Mtu aliyeiona kasoro hiyo na kuamua kutoirudia alikuwa Sefton Delmer. Naye alizaliwa Berlin, mwaka 1904, mtoto wa Mwaustralia aliyefundisha Kiingereza katika chuo kikuu cha huko. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza baba yake aliwekwa kizuizini katika kambi ya Ruhleben, na kijana akaendelea kusoma shule ya Kijerumani akiwa Mwingereza peke yake darasani, mpaka familia iliporuhusiwa kuondoka mwaka 1917. Alirudi Berlin mwaka 1928 kama mwandishi wa gazeti la Daily Express. Aliwazoea wakubwa wa chama cha Nazi kiasi cha kusafiri katika ndege ya Hitler wakati wa kampeni za mwaka 1932, na alikuwepo usiku ambao jengo la Bunge liliteketea, Februari 1933.

Julai 1940 Hitler alitoa hotuba ya kuitaka Uingereza ikubali amani. Delmer, aliyekuwa zamu katika idhaa ya Kijerumani ya BBC, alimjibu hewani baada ya muda usiozidi saa moja hivi, bila kuomba ruhusa kwa yeyote, kwamba pendekezo lake linatupwa usoni pake. Wabunge walilalamika. Wakubwa wa propaganda ya siri, kwa upande wao, waliona wamempata mtu waliyemtafuta.

Kituo chake cha kwanza kilianza tarehe 23 Mei 1941, kikiitwa Gustav Siegfried Eins. Nguzo yake ilikuwa mhusika mmoja, “Der Chef”, yaani bosi, aliyejionyesha kama ofisa wa zamani wa Prussia, mzalendo wa kufa na mwenye mdomo mchafu. Aliigizwa na Peter Seckelmann, mkimbizi wa Berlin aliyekuwa mwandishi wa habari. Katika tangazo la kwanza kabisa Chef alimporomoshea Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, matusi mazito, na msikilizaji wa Kijerumani angewezaje kudhani kwamba anayelipwa na Churchill anamtukana Churchill? Baada ya hapo akageukia wakubwa wa chama: huyu anakula siagi ya magendo wakati askari wanakufa Urusi, yule amempeleka mwanawe ofisi salama ya nyuma, mwingine ana vimada watatu. Hitler hakuguswa. Waliochafuliwa ni wale wa kati, makatibu wa wilaya na maofisa wa mgao wa chakula, watu ambao kila msikilizaji alikuwa na wake wa kumchukia.

Uchafu huo ulivuka mpaka hata kwa Waingereza. Juni 1942 Stafford Cripps, waziri katika serikali ya vita, alisomewa maelezo ya tangazo moja juu ya ulevi na zinaa ya amiri wa Kijerumani, akapeleka malalamiko makali kwa waziri wa mambo ya nje. Kituo hakikufungwa. Kilipofungwa, Novemba 1943 baada ya matangazo yapatayo 700, kilifungwa kwa mchezo: Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, “wakavamia” studio na Chef “akauawa” kwa risasi hewani. Fundi wa zamu, ambaye hakujua Kijerumani, alirudia kurusha kipindi kile kile kama ratiba ilivyokuwa kawaida. Chef akafa mara mbili.

Mtambo wa Crowborough

Chef alitumia mawimbi mafupi, na redio nyingi za bei nafuu hazikuyashika. Ili kuingia sebuleni mwa Mjerumani, Waingereza walihitaji mtambo wenye nguvu wa mawimbi ya kati. Waliupata Marekani. Kampuni ya RCA ilikuwa imetengeneza mtambo wa kilowati 500 kwa ajili ya kituo kimoja cha New Jersey, lakini sheria za huko zikakataza vituo kuzidi kilowati 50, na mtambo ukakosa mteja. Uingereza iliununua kwa zaidi ya pauni 111,000, ikaufukia katika shimo kubwa lililochimbwa na askari wa Kanada kwenye msitu wa Ashdown karibu na Crowborough, kusini mwa London. Ulianza kazi Novemba 1942, wakati majeshi ya washirika yalipotua Afrika Kaskazini, na nguvu zake zikapandishwa hadi kilowati 600. Mafundi waliuita Aspidistra, jina la mmea wa chunguni uliotajwa katika wimbo wa kuchekesha wa siku zile.

Ukubwa wake ulikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba mhandisi Harold Robin na wenzake waliwezesha mtambo huo mkubwa kuhama kutoka masafa fulani hadi mengine kwa muda mfupi sana, kazi ambayo kwa mitambo ya kawaida ilichukua masaa. Umuhimu wake ulionekana baadaye.

Vicki kazini

Kituo alichotangazia Bernelle kilianzishwa mapema mwaka 1943, kikaitwa Deutscher Kurzwellensender Atlantik, na walengwa wake walikuwa mabaharia wa nyambizi. Wakati ulichaguliwa vizuri. Mwezi Mei mwaka huohuo Ujerumani ilipoteza nyambizi zaidi ya 40, na kufikia mwisho wa vita takriban mabaharia 30,000 kati ya 40,000 waliohudumu humo walikuwa wamekufa. Watu walioishi wiki nyingi ndani ya bomba la chuma, wakivuta harufu ya dizeli na nguo zisizokauka, walikuwa na kiu ya muziki na ya habari za nyumbani, na redio rasmi ya Goebbels iliwapa gwaride na hotuba.

Vicki aliwapa walichotaka. Kipindi chake kilikuwa ndugu wa vipindi vya salamu ambavyo msikilizaji wa Afrika Mashariki anavijua fika: jina la mtu, jina la chombo chake, ujumbe mfupi, kisha santuri. Jazi ya Kimarekani, ambayo Wanazi waliibeza kuwa muziki wa watu duni, ilipigwa bila kificho. Kati ya wimbo na wimbo kulikuwa na taarifa: mabao ya mechi ya kandanda kati ya mabaharia wa vyombo viwili huko bandarini Ufaransa, kupandishwa cheo kwa fulani, mkahawa gani wa Lorient au Saint-Nazaire umepata mwenyeji mpya.

Taarifa hizo karibu zote zilikuwa za kweli. Hapo ndipo ilipo kazi halisi ya Milton Bryan, na ilikuwa kazi ya makarani kuliko ya waigizaji. Magazeti ya mikoani ya Ujerumani yalinunuliwa katika nchi zisizoshiriki vita, Ureno na Sweden, yakakatwa vipande. Matangazo ya vizazi, ndoa na vifo yakaingizwa katika kadi. Barua za mateka zilisomwa. Mabaharia waliookolewa baharini walihojiwa, na walipodhani mahojiano yamekwisha walirudi vyumbani na kuzungumza wao kwa wao, bila kujua kwamba kuta za Latimer House na Wilton Park zina maikrofoni na kwamba wakimbizi vijana wa Kijerumani wamekaa upande wa pili na vifaa masikioni, wakiandika. Ofisa wa ujasusi wa majini, Donald McLachlan, alihakikisha yanayofaa yanafika kwa Delmer. Habari za dunia zilitoka kwa adui mwenyewe: shirika la habari la Ujerumani lilipoondoka London mwaka 1939 liliacha mashine yake ya kupokea maandishi kwa njia ya redio, na timu ya Delmer ikaitumia kusoma taarifa za Berlin saa ileile zilipotumwa kwa wahariri wa Kijerumani.

Delmer aliwasisitizia watu wake kwamba uongo wowote utakaotoka uwe umekusudiwa; asiwepo wa kukosea kwa uvivu. Habari mbili tatu za kweli zilitangulia, likafuata dongo moja, kisha zikarudi habari za kweli. Dongo lenyewe lilikuwa jembamba. Baharia angeambiwa kwamba kifaa kipya cha kugundua rada ndicho kinachomsaliti kwa adui. Au mtangazaji angesifu kazi nzuri ya madaktari wanaopambana na maradhi ya kuambukiza katika kambi waliyohamishiwa watoto wa mji fulani, akitaja idadi ya waliopona. Msikilizaji aliyekuwa na mtoto huko alimaliza hesabu mwenyewe.

Kisa kinachorudiwa kila Bernelle anapotajwa ni cha nahodha wa nyambizi ambaye Vicki alimpongeza kwa kupata mtoto. Nahodha, aliyekuwa hajaenda likizo nyumbani kwa zaidi ya miaka miwili, akakata tamaa na kujisalimisha pamoja na chombo chake. Ni kisa kitamu, na utamu wake ndio unaotia shaka. Nyambizi zilizojisalimisha kabla ya Mei 1945 zilikuwa za kuhesabika, na nyingi ya hizo zilifanya hivyo baada ya kupigwa hadi kushindwa kupiga mbizi. Hakuna haja ya nyambizi nzima ili kuithamini kazi ya Vicki. Ilitosha kwamba baharia aliyepongezwa kwa jina lake, katika chombo ambacho safari zake zilipaswa kuwa siri, alianza kuamini kwamba Waingereza wanajua kila kitu.

Sauti za wakimbizi zilitumika pia nje ya vituo vya Delmer. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Oktoba 1943, Jeshi la Anga la Uingereza liliposhambulia Kassel, wazungumzaji wa Kijerumani walioko Uingereza waliingilia masafa ya marubani wa Kijerumani wa ndege za usiku na kuwapa amri za uongo. Wajerumani walipoanza kutumia wanawake kutoa amri ili kuwatambulisha waongozaji wa kweli, Waingereza nao walikuwa na wanawake tayari.

Calais

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1943 matangazo ya Milton Bryan yaliunganishwa na Aspidistra, kikazaliwa Soldatensender Calais, kituo cha mawimbi ya kati kilichojifanya redio ya askari wa Kijerumani walioko Ufaransa. Sasa raia pia waliweza kukisikia, na aliyekamatwa alikuwa na kisingizio: alidhani ni redio ya kwao. Hotuba za Hitler na Goebbels zilirushwa zote, bila kukatwa. Baada ya kila shambulio la ndege kituo kilitaja mitaa iliyoungua, na mara nyingine nyumba kwa nyumba, kwa kuwa picha za angani zilifika Milton Bryan haraka na ramani za miji zilikuwepo mezani. Goebbels mwenyewe, katika shajara yake ya tarehe 28 Novemba 1943, alikiri kwamba kituo hicho, ambacho kwa hakika kinatoka Uingereza, kinafanya propaganda ya kijanja sana na kwamba taarifa zake juu ya uharibifu wa Berlin zinaonyesha kinajua kinachosema.

Marlene Dietrich, mcheza sinema mashuhuri aliyezaliwa Berlin na kuchukua uraia wa Marekani, aliimba nyimbo za Kijerumani zilizorekodiwa na idara ya ujasusi ya Marekani kwa ajili ya matangazo hayo. Mwaka 1944 kituo kikapata pacha wake wa karatasi, Nachrichten für die Truppe, gazeti lililoangushwa na ndege za Kimarekani kwa mamilioni ya nakala.

Mwaka huohuo alifika Milton Bryan mwanamke wa miaka 26 aliyetoka Afrika. Muriel Spark, Mskoti, alikuwa ameishi Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, tangu mwaka 1937, akaolewa na kuachika huko, kisha akapanda meli kurudi Uingereza katikati ya hatari za nyambizi zilezile. Alipokwenda ofisi ya kazi London alikuwa na riwaya ya Ivy Compton-Burnett mkononi; aliyemhoji aliipenda, wakazungumza vitabu, na kazi ikapatikana. Zamu zake zilikuwa za kupokea simu ya siri: marubani waliporudi kutoka mashambulizini walieleza walichokiona, naye akaandika haraka ili kiingie katika matangazo. Alidumu miezi michache tu. Baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya wa Uingereza, na riwaya yake ya mwaka 1973, The Hothouse by the East River, ilichota kutoka maisha ya uwanja ule.

Alfajiri ya tarehe 6 Juni 1944 mashine ya habari ilileta taarifa fupi ya Berlin kwamba washirika wameanza kutua Ufaransa. Dakika chache baadaye Soldatensender Calais ilikuwa imeitangaza, kabla ya redio rasmi ya Ujerumani, na ikaongeza chumvi yake kuhusu ukubwa wa mashambulizi. Baada ya jaribio la kumuua Hitler tarehe 20 Julai, kituo kilijitahidi kuonyesha kwamba njama ilikuwa pana kuliko ilivyokuwa, ili Gestapo iwashuku maofisa wengi zaidi. Mmoja wa waliohusika katika njama hiyo, mwanasheria Otto John, alitorokea Ureno na kufikishwa Uingereza, akawa mfanyakazi wa Delmer. Calais ilipotekwa na washirika, Septemba, jina likabadilishwa kuwa Soldatensender West.

Upande wa giza

Si kila kitu kilichotoka Milton Bryan kilikuwa santuri na mzaha. Hospitali za kijeshi za Ujerumani zilituma kwa redio, bila kuficha kwa namba za siri, majina ya askari waliofariki, ili viongozi wa chama wa mahali wazijulishe familia. Watu wa Delmer walizinasa taarifa hizo na kuziandikia familia barua za mkono, kana kwamba zinatoka kwa muuguzi au rafiki wa marehemu. Barua zilidokeza kwamba mgonjwa alichomwa sindano ya kumwua ili kitanda kipatikane, au kwamba saa na pete alizotaka zipelekwe kwa mkewe zimekabidhiwa kiongozi wa chama wa wilaya. Delmer hakulificha jambo hili katika kumbukumbu zake, wala hakudai kulionea fahari. Mama aliyepokea barua hiyo hakuwa Goebbels.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuiba masafa ya adui. Vituo vya Ujerumani vilizimwa ndege za washirika zilipokaribia, ili marubani wasizitumie alama zake kujielekeza. Machi 1945, kituo cha Cologne kilipozima, Aspidistra iliwaka papo hapo kwenye masafa yaleyale, ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Watangazaji waliofunzwa kuiga wenzao wa Kijerumani waliwaamuru raia wafungashe na kuingia barabarani, ambako msongamano ungelizuia jeshi. Watawala wa Kinazi walipowaonya wananchi kwamba adui anatoa maagizo ya uongo katika masafa ya Ujerumani, Crowborough ilitangaza onyo hilohilo kwa maneno yanayofanana, ikafuatisha “agizo rasmi” lake. Kufikia hapo raia hakuwa na namna ya kujua sauti ipi ni ya serikali yake.

Redio hizo zilifupisha vita kwa siku ngapi? Kipimo hakipo. Mateka wengi walikiri kuzisikiliza. Kusikiliza na kutupa bunduki ni mambo mawili. Wengi walijua ni Waingereza na bado waliendelea, kwa muziki na kwa habari za kuaminika za miji yao, na huenda hilo ndilo pigo zito zaidi kwa Goebbels: redio ya uongo ya adui iliaminika kuliko redio ya kweli ya taifa.

Baada ya vita

Soldatensender West ilinyamaza Aprili 1945 bila kuaga. Delmer aliwataka wafanyakazi wake wanyamaze vilevile, akihofia Wajerumani wasije wakasema tena, kama walivyosema baada ya mwaka 1918, kwamba hawakushindwa vitani bali kwa hila za propaganda. Mwenyewe alivunja ukimya mwaka 1962 kwa kitabu alichokiita Black Boomerang. Jina hilo lilibeba majuto yake: kwa miaka minne vituo vyake vilihubiri kwamba jeshi la Ujerumani ni safi na chama ndicho kibovu, na baada ya vita majenerali waliitumia ngano hiyohiyo kujitakasa. Alifariki mwaka 1979. William Joyce alinyongwa London tarehe 3 Januari 1946. Otto John akawa mkuu wa kwanza wa idara ya usalama ya Ujerumani Magharibi, na mwaka 1954 akaonekana Berlin Mashariki katika mazingira yaliyozua kashfa kubwa. Aspidistra iliendelea kurusha matangazo ya BBC hadi mwaka 1982.

Agnes Bernelle alirudi jukwaani. Mwaka 1945 aliolewa na Desmond Leslie, rubani wa kivita na ndugu wa ukoo wa Churchill. Mwaka 1956 alizusha mjadala London kwa kuigiza Salome akiwa karibu uchi. Na kuanzia miaka ya 1960 aliishi Ireland, akiimba nyimbo za Berlin ya utoto wake, za mshairi Brecht na wenzake, kwa sauti iliyokwisha kuwa nzito na ya mikwaruzo. Wasikilizaji wapya walimpenda kwa nyimbo hizo bila kujua habari za Vicki. Alizieleza katika kitabu cha maisha yake, The Fun Palace, kilichotoka mwaka 1996. Alifariki Dublin tarehe 15 Februari 1999, akiwa na umri wa miaka 75.